Baada ya kukatwa tumbo: dera, urojo na mbio za alfajiri

Nguo mbili anazoshinda nazo mwanamke wa Unguja, dera akiwa ndani na baibui akitoka, hazina habari na kiuno chake. Unaweza kuongezeka kilo saba baina ya Mfunguo Mosi na Mfunguo Tatu na dera likakupokea vile vile. Mie ni fundi cherehani, nashona nguo za harusi na sare za shughuli hapa mjini, kwa hiyo hilo nililijua kazini kabla ya kulijua mwilini. Wateja huapa kwamba hawajabadilika tangu mwaka juzi, futikamba ikisema mengine.

Basi kitu cha kwanza nilichojishonea baada ya operesheni ya kupunguza unene ni blauzi ya pamba isiyovutika, ya kukaza mwili, zipu ubavuni, bila lastiki hata mahali pamoja. Siivai nikatoka. Naivaa mwanzo wa mwezi, mbele ya kioo, mlango umefungwa. Zipu ikipanda yenyewe naivua na kuitundika. Ikigoma chini ya kwapa, najua wiki zilizopita zilikuwaje. Mizani ninayo, lakini mizani ina mambo yake: chumvi ya pilau ya jana, siku za mwezi, maji niliyokunywa asubuhi. Mara imepanda kilo mbili, mara imeshuka, na moyo unapanda na kushuka nayo. Blauzi haina makelele.

Nilifanyiwa operesheni India mwaka 2019, nikiwa na kilo 121 kwa urefu wa sentimita 158. Presha ilikuwa juu, sukari ilikuwa imeanza, na magoti yalinifanya nipande ngazi kwa kando. Ile niliyofanyiwa ni ya kukata mfuko wa chakula wenyewe: wanaondoa robo tatu yake au zaidi kidogo, kinachobaki ni mrija mwembamba. Kile kipande kinachoondolewa ndicho kinachotoa kwa wingi homoni ya njaa, grelini, ndiyo maana miezi ya mwanzo hata harufu ya biriani haikuiti. Wengine hufanyiwa baipasi, ambapo hutengenezwa kifuko kidogo juu kikaunganishwa na utumbo mdogo, chakula kikapita njia ya mkato.

Mwaka na nusu baadaye nilikuwa na kilo 86. Kwa chati za hospitali, kilo hizo bado ni unene, na wapo walionitazama juu mpaka chini wakauliza, "Ndiyo hivyo tu? Na safari yote ile?" Operesheni ya aina yangu mara nyingi humwondolea mtu robo ya uzito wake, au zaidi kidogo. Mtu wa kilo 121 hageuki msichana wa kalenda. Lakini vidonge vya presha daktari alivipunguza, sukari ikakaa sawa, na ngazi napanda uso mbele. Wengine waliona nimepungua wakaamua naumwa. Hao sikuwajibu.

Sasa kuna jambo ambalo sikulisoma kwenye karatasi niliyopewa siku ya kuruhusiwa. Karatasi yenyewe ilikuwa nzuri, imepangwa kwa wiki: vya majimaji, vya kupondwa, laini, kisha vya kawaida. Lakini iliandikwa kwa jiko la watu wengine. Brokoli, jibini ya Kihindi, maziwa ya unga ya protini ya bei ya kutisha. Nilikaa na mama yangu jikoni tukaipitia mstari kwa mstari, kila protini tukiitafutia mwenzake sokoni Darajani: changu, dagaa, mayai, kuku, mtindi, kunde, choroko. Lengo nililopewa ni gramu 60 za protini kwa siku kwenda juu, na yai moja lina gramu sita hivi, kwa hiyo hesabu haijai kwa mayai peke yake. Samaki ndiye anayeijaza. Pweza nilimwacha mwaka mzima. Hata akichemshwa vipi, usipomtafuna sawasawa anakwama kifuani, na hayo maumivu simtakii mtu.

Lililokuwa halimo kwenye karatasi ni urojo.

Nieleze vizuri, maana hapa ndipo kilo zinaporudi. Nikila samaki wa kuchoma mapande matatu na vijiko viwili vya kunde, nimeshiba kabisa. Pande la nne halipiti, nikilazimisha litarudi. Shibe hiyo inanifikisha adhuhuri bila kutafuta kitu. Lakini mfuko huo huo uliokataa pande la nne unapokea bakuli zima la urojo. Rojo la unga na embe linateleza, viazi vimeshalainika, bajia zimelowa, kachori imevunjika humo ndani, chatini ya nazi juu. Unaumaliza taratibu kwa nusu saa, ukipiga soga, na saa moja baadaye pana nafasi tena. Hakuna maumivu, hakuna kutapika, hakuna onyo lolote. Mtu anaweza kula hivyo kutwa, kidogo kidogo, akaapa kwamba hali kitu, na kwa jicho lake hasemi uongo: hajawahi kumaliza sahani ya wali tangu akatwe.

Urojo una ndugu zake: chai ya maziwa na mkate wa kumimina, kaimati, tambi, halua, juisi ya miwa, uji mtamu. Vyote laini, vyote vinapita. Kwa waliofanyiwa baipasi sukari nyingi kwa mara moja huwapa adhabu ya papo kwa papo, moyo unakwenda mbio, jasho, tumbo linakata, kizunguzungu. Wengi wao hujifunza haraka. Sisi wa kukatwa mfuko mara nyingi hatupati hata hiyo adhabu.

Na kuna suala la kunywa. Tuliambiwa tusinywe pamoja na chakula, tungoje nusu saa hivi, kwa sababu kinywaji hukisukuma chakula chini na mfuko ukaachwa wazi. Hebu mweleze mtu wa Unguja kwamba chai ni kivyake na kitafunio ni kivyake. Mawifi zangu walicheka mpaka machozi. "Sasa andazi linashukaje?" Nikawaambia ndiyo maana yake, lisishuke. Chai yangu nakunywa nikimaliza kusali, kavu, haina maziwa wala sukari, na mayai au samaki wa jana nakula baadaye nikishafungua duka. Walishazoea. Siku hizi mmoja wao naye anakunywa hivyo hivyo na hajakatwa kitu.

Mwaka wa tatu kilo zilirudi kidogo, nikafika 91. Sikushituka sana, kwani nilishasoma juu ya utafiti wa Sweden ulioanza mwaka 1987, uliowafuata kwa miaka mingi watu waliofanyiwa operesheni za kupunguza uzito. Uzito wao ulifika chini kabisa katika mwaka wa kwanza au wa pili, kisha ukapanda kidogo, kisha ukatulia, bado chini sana ya pale walipoanzia. Mwili mdogo unatumia chakula kidogo, na njaa nayo hurudi kiasi. Chakula kilichokuwa kinakupunguza mwaka wa kwanza, mwaka wa tatu kinakuweka ulipo tu, au kinakuongeza. Ambaye hajaambiwa hilo hudhani operesheni imeharibika, anakata tamaa, na akishakata tamaa anakula. Mie siku hizi nacheza baina ya 88 na 91, na blauzi inafunga.

Kinachoniweka hapo, nusu yake ni chakula na nusu nyengine ni miguu.

Unguja ina bahati ambayo wengi hawaioni kwa kuwa wameizoea: vikundi vya mazoezi. Mwisho wa wiki, watu wakishatoka kusali alfajiri, utavisikia kabla ya kuviona, filimbi na nyimbo za mchakamchaka, vinatoka huku na huku mitaani vinapita Michenzani kuelekea Mnazi Mmoja na Maisara. Humo mna wazee wenye mvi, vijana wa mpira, akina mama wenye mitandio na raba. Kila tarehe 1 Januari kuna siku ya mazoezi kitaifa, vikundi vinakusanyika kwa wingi, na viongozi wa serikali nao wanavaa raba. Hulipii jimu, huhitaji mashine, na mwanamke ambaye peke yake barabarani saa kumi na mbili asubuhi angesemeshwa, akiwa kwenye kikundi hakuna wa kumsemesha.

Nilianza mkiani, pamoja na wazee. Mkiani kuna maneno mengi kuliko mbio, na mie nilibaki kwa ajili ya yale maneno. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, na siku mbili za kutumikisha misuli. Wastani maana yake unaweza kuzungumza lakini kuimba kunakushinda. Kwenye kikundi chetu wanaoimba ni wale wa mbele, sijui wao wanahesabiwaje. Siku za kazi natembea peke yangu, na wakati wa bamvua, maji yakikupwa asubuhi, nakwenda pwani nikatembea juu ya mchanga mgumu, laini kwa magoti.

Ngozi haisemwi sana, kwa hiyo niiseme. Ukipungua kilo thelathini na tano ngozi haikufuati yote. Inabaki tumboni, mapajani, mikononi, na ukikimbia inasugua. Wakati wa kaskazi, joto lile na jasho, chini ya mkunjo wa tumbo patachubuka, kisha patawasha, na mtu ataacha mazoezi akisingizia shughuli. Nilijishonea taiti ya kitambaa cha kuvutika inayofika magotini, kiuno kipana cha kuja juu mpaka kitovuni ili kishike tumbo lisicheze. Mishono niliitoa nje. Taiti za dukani mshono uko ndani, unapita palepale mapaja yanapokutana, na kwa mwenye ngozi iliyolegea mshono huo ni msumeno. Ukirudi, oga, jikaushe kwenye mikunjo yote, vaa kavu. Nimeshawashonea wenzangu wengi wa kikundi, na wengi wao hawajakatwa tumbo, wana mapaja tu.

Hizo siku mbili za misuli ndizo watu wanazozidharau. Ukipungua haraka hayaondoki mafuta peke yake, na msuli unakwenda, na msuli ndio unaokula chakula hata ukiwa umelala. Mie nyumbani nina madumu mawili ya lita tano, nayajaza maji. Nayanyanyua, nayashusha, nakaa kwenye kigoda na kuinuka bila kushika kitu, nausukuma ukuta. Basi. Mwanangu aliyerudi skuli akanikuta nasukumana na ukuta aliniuliza ukuta umenikosea nini.

Kazi yangu ni ya kukaa, na hapo pana tabu, kwani mwezi wa harusi nyingi naweza kukaa kwenye cherehani mpaka usiku. Nilimwita seremala akaongeza miguu ya meza ya kukatia, sasa siwezi kukata nguo ila nimesimama. Pasi nimeiweka chumba cha pili. Na nguo za wateja wa maghorofani Michenzani sizipeleki kwa mkono wa kijana tena, nazipandisha mwenyewe. Kijana alinung'unika, alikuwa akipewa chochote kule juu.

Ramadhani ya kwanza daktari alinikataza kufunga. Kwa mfuko ule, kufikisha lita moja na nusu ya maji ni kazi ya kutwa, funda kwa funda, na usiku mmoja hautoshi. Deni nikalilipa baadaye, kwa ruhusa yake. Sasa nafunga, lakini futari yangu ina mpango. Tende moja na maji kidogo, kisha sala. Nikirudi naanza na samaki wa kupaka, kwanza yeye, halafu ndiyo kipande cha muhogo wa nazi au ndizi. Nikianza na muhogo samaki hapati nafasi. Uji nauacha kwa watoto. Maji nayanywa baina ya tarawehe na daku, chupa ninayo mkobani, na msikitini nakwenda na kurudi kwa miguu. Daku ni mayai na mtindi. Wenzangu hulalamika kwamba Ramadhani inawanenepesha, nami huwaambia si Ramadhani, ni kaimati.

Kwenye harusi watu wanadhani ninateseka, kumbe sinia lina stara yake. Mko watu wanne au watano juu ya sinia moja, mikono inakwenda, hakuna anayejua nani amekula tonge ngapi. Natafuta nyama, natafuna polepole, najaza maneno. Anayeniumbua ni yule anayenipakulia sahani yangu peke yangu, kilima cha biriani, kisha anakuja kusimama: "Shoga, mbona unaonja? Hukupenda mapishi yetu?" Hapo nasema nimependa, nifungie nikale nyumbani, na nyumbani nina wa kumpa. Hatari ya shughuli iko kwenye lile boksi la kuondokea, lenye sambusa, keki, kipande cha halua. Ukilipeleka dukani likakaa kando ya cherehani, mpaka alasiri limekwisha na hukumbuki ulilifungua saa ngapi. Langu haliingii dukani, wanafunzi wangu wa ushoni wanalipokea mlangoni.

Vidonge ni vya maisha. Vitamini za mchanganyiko, kalsiamu na vitamini D, madini chuma, na B12, ambayo wengine huchomwa sindano. Kalsiamu na chuma havimezwi pamoja, kimoja kinamzuia mwenzake, viachanisheni kwa muda wa saa mbili. Chai nayo inazuia chuma, kwa hiyo changu nakimeza adhuhuri, mbali na chai ya asubuhi. Kila mwaka napima damu. Namjua mwenzangu aliyeacha vidonge kwa kujiona mzima, akaja kupatwa na ganzi miguuni. Nywele zinanyonyoka mwezi wa tatu au wa nne, zinatisha kwenye kitana, kisha zinaota, tushukuru mtandio. Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki usinunue tu kwa mazoea, muulize daktari kwanza, hasa kama ni baipasi, maana huleta vidonda. Na walio katika umri wa kuzaa wajue kwamba mimba inaweza kuja kirahisi zaidi mwili ukipungua, wakati madaktari wanataka mtu angoje mwaka mmoja mpaka mmoja na nusu.

Siku hizi wanaoingia dukani si wote wanaotaka nguo. Wanakaa, wanashika shika vitambaa, mwisho wanauliza bei ya operesheni, kama inauma, kovu likoje. Nawajibu yote, kisha na mie nauliza la kwangu: nani anapika kwenu? Mmoja, bibi harusi wa mwaka juzi, aliniambia jiko ni la mama mkwe, yeye huletewa sahani tu. Nikamwambia safari ijayo waje wote wawili. Nilidhani hatarudi, akarudi naye. Mama wa watu alikaa, akasikiliza habari za mfuko na mrija na nusu saa bila kunywa, kimya, mkoba mapajani. Nilipomaliza aliuliza kama kunde za nazi mkwe wake ataruhusiwa. Nikamwambia ataruhusiwa, ila amtilie tui la pili, na samaki amuwekee kwanza.